Usiteme Mate Ovyo

Wenzangu wadogo wa kliniki ya masikio, pua na koo, mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimestaafu, nipo Tumati, kwetu Mbulu, na ng'ombe wangu wawili wa maziwa na shamba la mahindi, na mke wangu analalamika kwamba naikagua nyumba kama mtu aliyetumwa na wizara. Kwa hiyo muda ninao. Vyeo na mishahara nimeviacha ndani ya faili, huko vinakaa vizuri bila mimi. Nitaandika juu ya kioo kidogo, tangazo la ukutani, na mate. Anayeshangaa kwa nini mate, avumilie.

Nilianza kazi ya utabibu katika zahanati moja hukohuko Mbulu, upande wa Daudi, enzi za ruksa, wakati maduka yalipoanza kujaa sabuni na vitenge baada ya miaka mingi ya kupanga foleni. Nilifika na koti jeupe ambalo mama yangu alilipiga pasi ya mkaa mpaka likasimama lenyewe. Hakuna aliyenipa kazi siku ile, nikajipangia mwenyewe. Nilitafuta ubao, nikatafuta rangi nyekundu, nikaandika kwa herufi kubwa: USITEME MATE OVYO. Kifua kikuu kilikuwa kingi na chuoni tulikuwa tumehubiriwa sana juu ya makohozi. Nikaupigilia juu ya benchi la wagonjwa. Wengi waliokaa kwenye benchi lile hawakujua kusoma, lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Kabla rangi haijakauka, aliingia bibi mmoja wa Kibarbaigi aliyetoka mbali, tambarare za Hanang, kuwatembelea jamaa zake. Mjukuu wake alikuwa na punje ya hindi sikioni. Niliitoa kwa maji ya uvuguvugu na bomba la sindano, ikaanguka kwenye kibakuli, tukaitazama wote watatu kwa furaha. Bibi akanishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akavitemea mate.

Niliruka. Nilikimbilia karai la dawa nikanawa, nikasugua kwa brashi, nikanawa tena. Bibi alisimama akiniangalia mpaka nilipomaliza. Alimshika mjukuu mkono wakaondoka.

Mkuu wangu, Tabibu Bura, alikuwa mlangoni. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye sauti ya chini, amefanya kazi kwenye vituo vya Mbulu na Hanang tangu mimi nikiwa mtoto.

"Umenawa nini?" akaniuliza.

"Mate, mzee. Amenitemea."

"Yule mama amekubariki. Wao mzee akitaka kukupa kheri anakupa mate yake mwenyewe, na anayepewa hanawi wala hajifuti. Anayaacha yakaukie mwilini. Wewe umeyamwaga kwenye karai."

Nikamwonyesha tangazo langu. Akalisoma taratibu, kama mtu anayesoma barua kutoka kwa ndugu.

"Linasema 'ovyo'," akasema. "Yule mama ametema ovyo?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na mikono nayo ilikuwa inawasha kwa dawa.

Bura ndiye aliyenipa kioo. Mnakifahamu: kile kidogo cha mviringo, chenye mpini mrefu uliopinda, cha kutazamia nyuma ya pua. Siku hizi mna kamera yenye taa kwenye ncha, nami nawaonea wivu, ila umeme ukikatika mtanikumbuka. Kioo unakipasha kwenye taa ya spiriti. Ukikipasha kidogo, pumzi ya mgonjwa inakitia ukungu na huoni kitu. Ukizidisha, unamchoma kaakaa na hatakuja tena. Kwa hiyo kila mara unakigusisha kwanza nyuma ya mkono wako mwenyewe. Nina baka dogo hapo hadi leo, na mke wangu hudhani ni la kuzaliwa. Halafu unamwambia mgonjwa avute pumzi kwa pua, unakandamiza ulimi, unapitisha kioo nyuma ya kimeo, kama kimeo bado anacho, maana wengi wa kwetu walikatwa utotoni. Tulijifunza kwa kutazamana. Mimi nilimtazama Bura, Bura akanitazama mimi, na mara ya kwanza nilimtapikia kwenye viatu. Alivifuta kwa jani la mgomba akasema turudie.

Kanuni yake ilikuwa moja, akanikaririsha mara kadhaa mpaka nikaichoka. Mtu mzima akija sikio moja limeziba, shingoni ana tezi ngumu isiyouma, puani inatoka damu kidogo upande mmoja, usimpe dawa ya sikio mara ya pili kabla hujatazama nyuma ya pua. Dalili hizo ni za saratani, na ndiko inakojificha. Haiumi, haina haraka, na inajifanya ni kitu kingine.

Niliichoka kanuni hiyo mapema mno. Nilipohamishiwa Hanang, alikuja mkulima mmoja wa Nangwa mwenye tezi shingoni. Nikaamua ni kifua kikuu cha tezi, nikamwanzishia dawa, na miezi ikaenda. Nilipokuja kumtazama nyuma ya pua, kioo kilijaa uvimbe. Alipelekwa Dar es Salaam kwa mionzi, hakurudi. Siwezi kuliandika hili kwa maneno mazuri. Nilichelewa, na kioo kilikuwa mfukoni mwangu wakati wote. Mjane wake alikuja kunishukuru kwa jitihada zangu, na shukrani ile iliniumiza kuliko kama angenitukana. Tangu siku hiyo sikumwachia mtu mwenye tezi shingoni atoke bila kumtazama, hata waliokuja kunisalimu tu.

Miaka michache baadaye ndipo alipokuja mzee Gidahoda.

Alikuwa mfugaji wa Kibarbaigi, boma lake liko tambarare chini ya mlima, mbele ya Nangwa. Alikuja na fimbo, na shuka jekundu, na binti yake Udameda aliyekuwa amemaliza darasa la saba na ambaye kuolewa kwake kulikuwa kumeshazungumzwa. Mzee alijua Kiswahili cha mnadani, kinachotosha kwa ng'ombe, na binti alimalizia palipobaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiyo Mmbulu wa masikio?"

Nikakubali kwamba ndiye mimi. Sikio la kushoto lilikuwa limeziba. Tezi shingoni ilikuwepo. Nikamuuliza kama ana shida ya macho, maana uvimbe wa nyuma ya pua ukipanda juu huyagusa.

"Macho hakuna shida," akasema. "Naona ng'ombe wawili wawili."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno. Wamekuwa wengi."

Binti akaniambia kwa sauti ya chini kwamba jamaa zake wamemsihi aje hospitali kwa ajili ya macho akakataa, kwa sababu hakuona hasara iko wapi. Ni sikio lililomleta, maana alikuwa hasikii kengele za mifugo upande mmoja. Nilipasha kioo, nikakigusisha nyuma ya mkono, nikatazama. Uvimbe ulikuwa pale, lakini haukuwa umejaa. Safari hii sikuwa nimechelewa.

Kinyama cha kupima kilikatwa hospitali ya rufaa, majibu yakarudi kama nilivyoogopa, na nikamwambia mzee kwamba itabidi aende Dar es Salaam, akae karibu wiki saba.

"Wanakata?" akauliza.

"Hawakati. Wanapiga mionzi."

"Ni kitu gani?"

"Ni mwanga, mzee. Hauonekani, wala hauusikii ukipita. Unakwenda kuua ule uvimbe."

Akafikiri. "Hauonekani, hausikiki. Wanajuaje umefika?"

Katika kazi yangu yote sijaulizwa swali bora kuliko hilo, na nimehudhuria semina nyingi. Nilimjibu kwamba tutajua uvimbe ukiisha. Akasema hayo ni maneno ya mganga, akacheka, akakubali kwenda.

Udameda alikwenda naye, siku mbili njiani. Habari za huko alinisimulia yeye waliporudi. Mzee alikuwa na alama za ukoo usoni, zile nukta nukta za kuzunguka macho. Mafundi wa mashine walipomchorea na wao alama zao za wino shavuni na shingoni, ili mionzi ipige palepale kila siku, wakamkataza asizioshe, aliwauliza wao ni ukoo gani. Alizitunza alama zile vizuri kuliko mgonjwa yeyote. Wiki ya tatu mdomo ukachubuka, ugali ukawa haupiti, akaishi kwa uji na maziwa. Hata hivyo akamaliza dozi yake yote bila kukosa siku.

Siku aliyorudi kliniki kwangu naikumbuka. Alikuwa amekonda na shingo imekuwa nyeusi, lakini anatembea kwa haraka. Kabla sijamsalimu akasema, "Ng'ombe wamepungua nusu."

Nilitazama nyuma ya pua. Kulikuwa safi. Nilitazama tena, maana sikuamini, halafu nikakaa chini nikacheka peke yangu. Nilikuwa na fomu kutoka Dar es Salaam ya kufuatilia waliopigwa mionzi. Ilikuwa na visanduku vitatu: Yu hai. Amefariki. Hajulikani alipo. Nikatia alama kwenye kile cha kwanza kwa kalamu ya wino, nikabonyeza mpaka karatasi karibu itoboke. Chini yake kulikuwa na mstari wa maelezo mengine, nikaandika "Amepona," nikamsomea mzee.

Hakuinuka kuondoka.

"Mate yangu yako wapi?" akauliza.

Sikuelewa. Akafungua mdomo akanionyesha ulimi. Ulikuwa mkavu, umepasukapasuka.

"Kule Dar binti alinisomea, imeandikwa ukutani. Kila mahali imeandikwa. Hapa kwako pia imeandikwa." Akanyoosha fimbo mlangoni, kuelekea kwenye tangazo langu lililo ukutani nje, lile lile la Daudi, ambalo nilihama nalo na kulipaka rangi upya. "Ninyi mnachukia mate. Sawa. Lakini kuyachukua hamkuniuliza."

Hapo nilifanya kosa jingine la maisha yangu ya kazi. Nilicheka. Nilidhani ananitania, kama alivyotania habari za ng'ombe. Hakucheka. Udameda akatazama chini.

"Daktari," binti akasema, "anasema kweli. Nikiolewa, baba lazima anitemee mate. Hapa, kwenye paji la uso. Bila hiyo siwezi kutoka nyumbani."

"Wazee wengine hawawezi?"

"Baba mdogo anaweza. Baba amekataa."

Mzee alikuwa amesikia. "Baba yake yupo," akasema. "Ndugu yangu akitema, maana yake mimi nimekufa." Akaigonga fomu kwa kidole. "Umeandika niko hai. Futa."

Nikamwambia haifutiki, ni wino. Akasema basi isiende. Na kweli, haikwenda. Niliifungia kwenye droo, kwa sababu nilijua yeye ndiye aliyesoma hali ya mgonjwa vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa nimetazama mahali ambapo ugonjwa ulikuwa, nikaona hapana kitu, nikafurahi. Sikumuuliza yeye amebaki na nini.

Nikaandika barua Dar es Salaam kuuliza. Majibu yalichukua muda mrefu, na sababu yake mtaicheka. Ndio wakati Mkoa wa Manyara ulipozaliwa kwa kumegwa kutoka Arusha. Sisi tulishangilia, maana mkoa ulikuwa umekuja karibu na nyumbani. Lakini kwenye majalada yao wagonjwa wetu wote walikuwa watu wa Arusha, na barua zangu zilikuwa zinatoka Manyara, kwa hiyo kuna karani aliyehitimisha kwamba wagonjwa wa Arusha wa wilaya yangu hawajulikani walipo, na kwamba wa Manyara hawajawahi kuwatibu. Walihama mkoa bila kuhama boma. Nilimaliza kurasa nzima za karatasi kueleza kwamba mlima uko palepale.

Hatimaye jibu likaja. Tezi za mate ziko kwenye njia ya mionzi, waliandika, na haikuwezekana kuzikwepa. Zimeungua. Mate yanaweza kurudi kidogo baada ya mwaka hivi, na kwa wengine hayarudi. Anywe maji kidogo kidogo. Asukutue kwa maji ya chumvi. Atunze meno. Afanye mazoezi ya taya lisije likakaza. Atafune kitu ili kuziamsha tezi zilizosalia.

Nilimsomea mzee neno kwa neno. Nikamwambia waziwazi kwamba sina uhakika. Akamgeukia binti akamwambia kitu kwa Kidatoga, lugha yao.

"Anasema watu wa upande wa mume atawaomba wasubiri mpaka baada ya mavuno yajayo," Udameda akanitafsiria. "Anasema, yasiporudi, niende bila yeye."

Binti alisema hayo bila kutikisika, halafu akatoka nje, na nikamwona dirishani akijifuta macho kwa ncha ya shuka. Nami nilitaka mate yale yarudi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote kwenye kazi hii.

Tukaanza. Kwa taya nilimkatia vijiti bapa vya kukandamizia ulimi. Unaviweka kati ya meno vikiwa vimepangwa, unakaa hivyo kwa muda, na kila wiki unaongeza kimoja. Mzee alivikataa vijiti vyangu kwa kuwa havina ladha, akatengeneza vya mti anaotumia kwa mswaki. Vilifanya kazi ileile. Midomo alipaka samli. Maji alibeba kwenye kibuyu kidogo kiunoni, akinywa funda dogo kila mara.

Kwenye kutafuna ndipo nilipokosea tena, na hili liandikeni mahali. Maduka ya Katesh wakati ule yalikuwa yamejaa jojo za kila rangi, nikamwambia anunue atafune. Alizipenda sana. Jamaa zake walipomtembelea walimkuta yuko zizini na mifugo yake anapuliza kipovu cha waridi. Baada ya wiki kadhaa jino likaanza kuoza. Mganga wa meno alinipigia kelele mbele ya wauguzi, na alikuwa na haki. Mdomo usio na mate hauna ulinzi, sukari inakula meno kwa siku chache, na jino kwenye taya lililopigwa mionzi halitolewi kienyeji, mfupa unaweza usipone. Alilitibu kwa subira, likaokoka. Mimi nikaenda kwa mzee kuomba radhi na kumwambia jojo basi.

"Sasa nitafune nini?"

Nikasema sijui. Nadhani ndilo jibu lililomfurahisha kuliko yote niliyowahi kumpa.

"Hujui," akasema. "Mimi najua. Tukiwa wadogo, tunachunga, hakuna maji, tunamumunya gundi ya mgunga. Mdomo unalowa."

Niliandika tena Dar es Salaam kuuliza kama kuna ubaya. Walijibu kwamba hawana maelezo juu ya gundi ya mgunga. Tukachukulia kwamba wamekubali.

Kipimo chetu hakimo kwenye kitabu chochote. Kulikuwa na jiwe bapa nje ya kliniki, karibu na uzio. Kila siku ya miadi mzee alikaa juani akimumunya gundi yake, halafu tunakwenda wawili mpaka kwenye jiwe, anainama, anatema, na tunaangalia kama jiwe limelowa. Miezi ya kwanza ilitoka pumzi tu. Aliinuka kila mara bila kunitazama, akachukua fimbo yake akaondoka. Baadaye likaonekana doa dogo la ukubwa wa punje ya hindi. Nikalipigia mstari kwa chaki kulizunguka. Mwezi uliofuata doa likavuka mstari. Siku hiyo Bwana Afya wa wilaya alikuwa amekuja kukagua vyoo, akatukuta tumechuchumaa.

"Tabibu," akasema, "unamfundisha mgonjwa kutema mate, tena mbele ya tangazo lako mwenyewe?"

"Hatemi ovyo," nikamwambia. "Anatema kwenye mstari."

Aliandika kitu kwenye daftari lake. Sikuwahi kujua ni nini.

Mavuno yakaisha, siku ya harusi ikafika. Nilikwenda kwa pikipiki ya kazini na fomu ile ikiwa kwenye mkoba. Boma lilikuwa limejaa. Udameda alisimama mbele ya mlango wa nyumba ya mama yake, amevaa sketi ya ngozi yenye shanga, kichwa ameinamisha. Baba mdogo alikuwa kando na kibuyu cha pombe ya asali, tayari kulowesha mdomo. Ndivyo walivyokubaliana: yakikataa, ndugu atafanya.

Mzee alitoa gundi kwenye kifundo cha shuka akaitia mdomoni. Akamumunya. Hata ng'ombe sikuwasikia. Alichukua muda mrefu. Niliona taya likienda na kurudi, nikaanza kuhesabu vijiti kichwani bila kujijua. Baba mdogo akakiinua kibuyu kidogo, kumuuliza kwa macho. Mzee akamzuia kwa mkono.

Halafu akasogea kwa binti yake, akamwekea mkono kichwani, akatema.

Hayakuwa mengi. Yalikuwa mazito na machache, lakini yalifika, na nikayaona yaking'aa kwenye paji la uso la Udameda. Aliinua uso yakamteremka mpaka kwenye nyusi, akayaacha. Wanawake wakaanza kuimba. Baba mdogo akakinywa kibuyu mwenyewe, maana sasa kilikuwa cha harusi tu. Mimi nilikuwa nalia, na sikuona sababu ya kujificha, kila mtu alikuwa anatazama kwingine.

Mzee akanijia. "Sasa peleka," akasema.

Niliitandaza fomu kwenye kiti cha pikipiki. Alama ya "Yu hai" ilikuwepo tangu mwaka uliopita. Kwenye mstari wa maelezo mengine, baada ya "Amepona," nikaongeza: "Mate yamerudi kiasi cha kutosha." Nikaituma wiki hiyohiyo. Dar es Salaam wakajibu haraka safari hii, kwa karatasi yenye muhuri: "Kiasi gani? Taja kipimo."

Nikaandika: "Harusi moja." Hawakuuliza tena.

Baada ya hapo niliongeza swali langu mwenyewe kwa kila aliyerudi kutoka kwenye mionzi, na mtalikuta kwenye daftari la kliniki, limeandikwa kwa mkono kwenye jalada la ndani: Ni kitu gani hujarudishiwa? Mama mmoja wa Daudi aliniambia ni ladha ya chumvi, na kwamba mumewe amekuwa akila mboga zilizozidi chumvi miezi mitatu bila kuthubutu kusema. Tulimfundisha kupima chumvi kwa kijiko. Mwimbaji mmoja wa kwaya alisema ni sauti ya juu, ikabidi ahamie besi, akaipenda. Wengine walisema kusikia, na hapo mara nyingi sikuwa na la kuwapa ila kuongea nao nikiwa upande wa sikio zima. Hata hilo ni kitu. Lakini wapo wengi, nawaambia, wengi kuliko nilivyotegemea siku ile ya mkulima wa Nangwa, waliorudi na wakaendelea kulima na kuchunga na kugombana na majirani. Wakija kliniki kunisumbua kwa mafua ya kawaida, nilikuwa nafurahi siku nzima.

Tabibu Bura hakuwepo siku mliyoniaga, alikuwa amekwisha kutangulia. Ningependa angeona. Mlipanga viti uani, mkaleta meza na kitambaa, na viongozi wakasema maneno yao marefu kuhusu utumishi wangu. Tangazo lilikuwa ukutani nyuma yetu, mmelipaka rangi upya kwa heshima yangu.

Katika viti vya nyuma alikaa mzee Gidahoda. Amezeeka sana, fimbo mbili sasa, lakini aliwahi kuliko mgeni rasmi. Udameda alikuwa ubavuni mwake na watoto wake. Tangu hotuba ya kwanza nilimwona mzee akimumunya kitu taratibu, na hotuba zilivyorefuka ndivyo nilivyozidi kujua kitakachofuata. Ilipofika zamu ya wageni kuaga, alisimama, akaja mpaka mbele, nami nikamsalimu, akaitika. Akaniashiria niiname. Nikainama, upara wangu wote ukiwa juani, na mzee akautemea mate.

Watu wa mezani walishtuka. Bwana Afya mpya, kijana mwenye adabu aliyekuja mwaka jana, aliinuka haraka akaniletea karatasi laini, huku akitupa jicho kwenye tangazo.

Nikamshukuru, nikaikunja karatasi ile mara nne, nikaitia mfukoni. Sikujifuta.